Kwenye Pazia Hakuna Shikamoo

Sheria ya kwanza ya Pazia ilikuwa hii: usimwamkie mtu.

Sikuijua siku niliyoingia. Nilipiga hodi kama nilivyoelekezwa, kisha nikaandika kwa adabu zote nilizolelewa nazo: "Shikamooni wakubwa. Wadogo, hamjambo?"

Mtu anayejiita Kufuli akajibu: "Karibu. Futa hiyo."

"Nimekosea nini?"

"Umetuuliza umri."

Mtu mwingine, jina lake Komwe, akadakia: "Atakayeitikia marahaba kajitaja kuwa mzee. Atakayenyamaza kajitaja kuwa mtoto. Umetuvua nguo wote kwa neno moja. Una kipaji wewe."

Hivyo ndivyo nilivyokutana na Komwe, kwa kusemwa.

Pazia lilikuwa kundi la watu waliopenda jambo moja tu, yaani mazungumzo yanayobaki kati ya wanaozungumza. Tulitumia programu ambayo huyafunga maneno tangu yanapotoka kwenye simu yako hadi yanapofika kwenye simu ya mwenzako, hata wenye programu wenyewe wasiweze kuyasoma njiani. Jina la kundi lilitokana na nyumba za huku kwetu Pwani. Mlango unakuwa wazi mchana kutwa, lakini pazia linaning'inia. Anayepita hasemi kwamba ndani kuna wezi. Anajua ndani kuna watu, na kwamba wanakula, wanavaa, au wanalia, na hayo hayamhusu.

Kwa hiyo hatukuulizana majina, miji, makabila wala kazi. Kupiga picha ya mazungumzo ilikuwa aibu kubwa kuliko tusi. Meseji zilijifuta zenyewe baada ya juma moja. Badala ya salamu, ukiingia unaandika "Hodi," na aliyepo anajibu, "Pita, pazia ni jepesi." Basi.

Nilidhani watu wa namna hiyo watakuwa wakavu. Haikuwa hivyo. Walikuwa wagomvi, ni kweli. Waligombana kutwa nzima kama programu inayodai namba ya simu inafaa, au ile isiyodai namba ndiyo safi, ingawa hakuna shangazi wa mtu yeyote atakayeiweza. Kufuli alikuwa amebandika plasta kwenye kamera ya simu yake, na Komwe alisema huenda amebandika na kwenye kioo cha bafuni. Lakini ugomvi ukiisha, mtu anauliza, "Yule mwenye malaria anaendeleaje?" Hatukujua mwenye malaria ni nani. Tulimwombea tu. Mara moja tulimpa pole mtu tusiyemjua jina kwa kufiwa na mtu ambaye hatukuambiwa ni nani, na nakumbuka nililia.

Mimi huko ndani niliitwa Kandambili. Nje naitwa Adventina, ninaishi Tangini na wazazi wangu, na tangu nimalize chuo ninafanya kazi kwenye steshenari ya Bwana Khalfani pale Kibaha mjini. Watu wanaturushia nyaraka kwenye simu ya duka ili tuzichape: vyeti vya kuzaliwa, barua za kuacha kazi, hati za talaka, majibu ya hospitali. Ukifungua kompyuta ya duka asubuhi unakutana na maisha ya mji mzima yamejipanga kwenye kioo. Kila jioni nilikuwa nayafuta.

"Unafuta, kesho mtu akirudi akitaka nakala nyingine?" Bwana Khalfani alikuwa akiniuliza.

"Ataturushia tena."

"Wewe binti, wenzako wanafuta vumbi."

Nilikuwa nimeingia Pazia kwa sababu ya kompyuta ile. Niliamini, na bado naamini, kwamba mtu asiye na kitu kingine chochote anapaswa kuwa angalau na maneno yake.

Kazi kubwa tuliyoifanya humo ilikuwa kuandika mwongozo kwa Kiswahili chepesi, ili mama anayeuza vitumbua naye aweze kufunga mazungumzo yake. Mimi na Komwe ndio tuliopewa kuuandika, na tuligombana tangu neno la kwanza.

Niliandika: "Ujumbe wa siri."

"Ondoa siri," Komwe akajibu. "Mwanamke akimwambia mumewe anatumia ujumbe wa siri, jioni hiyo hiyo anarudishwa kwao."

"Tuseme nini?"

"Faragha."

"Faragha ni neno la kwenye kamusi. Nani analitumia?"

"Oya, wewe unaongea kama risiti. Siri ni kitu nilichokificha. Faragha ni pale nilipokaa, sijaficha kitu, ila nimekaa mwenyewe. Hujawahi kukaa mwenyewe?"

"Mwanafalsafa wa gengeni."

"Kandambili ya choo cha wageni."

Tukaandika faragha. Tangu siku hiyo hatukuacha kutupiana maneno. Sikuwa nimewahi kuwa na rafiki wa namna ile. Kwetu mimi ni mtoto wa kwanza, mpole, anayesifiwa kanisani. Kwa Komwe nilikuwa na mdomo. Nilikuwa nimeshamchora kichwani: msichana wa rika langu, nywele fupi, anacheka kwa sauti, labda anasomea ualimu, labda ana kibanda cha kusuka. Kule ndani kuuliza ni mwiko, kwa hiyo nilimpenda na mchoro wake.

Halafu Komwe akapotea. Siku kadhaa hodi yake haikusikika. Ijumaa asubuhi, nikiwa dukani, kukaingia hodi kwa jina lake, lakini juu yake programu ilikuwa imeweka onyo, lile linalotokea mtu akihamia simu nyingine: namba ya usalama ya mtu huyu imebadilika.

"Hodi. Ni mimi. Simu yangu iliingia kwenye ndoo ya maji ya kudekia. Hii ni nyingine."

Hakuna aliyemwambia apite.

"Hatukujui," Kufuli akaandika, kisha akamtoa nje ya kundi, mahali ambapo angeweza tu kumwandikia mtu mmoja mmoja.

Nilimwona Kufuli katili. Lakini nilijua sababu, na wote tuliijua. Mwaka uliotangulia mtu aliiba simu ya mwenzetu mmoja, akahamishia laini kwenye simu nyingine, akaingia kwa jina lake, akasoma. Humo ndani kulikuwa na mwanamke aliyekuwa akijificha kutoka kwa mumewe. Ilibidi ahame tena. Ndipo sheria ikawekwa: namba ikibadilika, mwenye namba anabaki nje mpaka mmoja wetu asimame mbele yake, uso kwa uso, walinganishe namba za usalama kwenye simu zao. Asipopatikana wa kumthibitisha ndani ya siku mbili, anatolewa moja kwa moja, na jina lake halitumiki tena.

"Tumuulize jambo la zamani," nikaandika. "Jambo analolijua yeye tu."

"Zamani ipi?" Kufuli akauliza. "Tunafuta kila juma. Na ya juma hili, aliyeiba simu ameyasoma."

Nilikaa nikaitazama meza ya duka. Ilikuwa kweli. Tulikuwa tumejitunza vizuri kiasi kwamba hatukuwa na kitu. Utani wote ule, ugomvi wote ule, hakuna hata mstari uliobaki ambao mtu angeweza kuushika mkononi na kusema, huu ni urafiki wetu.

"Kandambili," Kufuli akaongeza, "wewe ndiye uliyezungumza naye kuliko sisi. Namba zitathibitisha simu. Mtu utamthibitisha wewe. Mwisho ni kesho jua likizama."

Baadaye kidogo ujumbe wa Komwe ukanifikia mimi peke yangu.

"Nikikwambia nilipo nimevunja sheria."

"Usiponiambia umekufa."

Akaandika: "Kisarawe."

Nikacheka kwa sauti, mteja akageuka. Miezi yote hiyo nilikuwa nikimdhania yuko Mwanza, au Tanga. "Mimi Kibaha."

"Kumbe! Nikipiga chafya si unasikia? Basi njoo wewe. Mguu wangu mbovu."

"Kila mvivu ana mguu mbovu."

"Njoo tu, domo."

Tukakubaliana kwa taratibu zote za Pazia: mchana, mahali penye watu, na kila mmoja amwambie mtu wake anakokwenda. Tukishafika hakuna kuandikiana mpaka tuonane. Mgahawa wa Biasha, karibu na stendi ya Kisarawe. Yeye ataweka komwe moja ya bao mezani. Mimi nitavaa kandambili.

Jumamosi nikaomba ruhusa.

"Unakwenda kumwona nani?" Bwana Khalfani akauliza.

"Rafiki yangu."

"Anaitwa nani?"

"Sijui."

"Yukoje?"

"Sijui."

Akaweka chini stepla. "Mwanamume au mwanamke?"

"Nadhani mwanamke."

"Adventina, baba yako ana namba yangu. Akinipigia nimwambie nini?"

"Mwambie niko Kisarawe, mgahawa wa Biasha, karibu na stendi."

"Afadhali. Hiyo angalau unaijua."

Nilipanda daladala, nikashuka Kibamba, nikachukua bodaboda. Dereva alizitazama kandambili zangu za bluu akasema nikaze vidole, maana abiria aliyepita aliiacha moja kwenye kona. Nilikaza vidole mpaka Kisarawe. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya neno la kwanza. Sikutaka kumsalimia vizuri. Ningemwambia, "Kumbe ndiyo sura yenyewe hii?" naye angejua ni mimi.

Mgahawa wa Biasha ulikuwa na meza za plastiki na harufu ya mihogo ya nazi. Niliangaza. Kulikuwa na kijana mmoja pembeni, ameinamia simu, masikioni ana visikilizio. Na karibu na mlango alikuwepo bibi mmoja, mnene, kajitanda khanga, fimbo ameiegemeza kwenye kiti, mbele yake chai na chapati.

Bibi aliniona kabla sijamwona. Alikuwa ameinama kidogo kuelekea kwangu, macho yameshuka hadi miguuni pangu, mdomo umeanza kufunguka kama mtu anayetaka kusema jambo la uchokozi.

Nikapiga goti. "Shikamoo, bibi."

Uso wake ukabadilika. Sijui niyaelezeje mabadiliko yale. Haukukasirika. Ulifungwa kwa upole, kama duka linavyofungwa mwenye duka akisikia adhana.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, bibi."

"Karibu ukae." Akauweka mkono wake mezani, kiganja chini, karibu na kisahani cha chumvi.

Nikashukuru, nikapita, nikaenda kwa yule kijana. "Komwe?"

Akatoa kisikilizio kimoja. "Eti?"

"Wewe ni Komwe?"

"Dada, mimi naitwa Zaidi."

"Hujaweka komwe mezani?"

"Komwe za bao? Bao wanacheza kule nyuma ya msikiti." Akarudisha kisikilizio.

Nikakaa meza ya katikati, nikaagiza chai. Watu waliingia na kutoka. Nikaona jambo la ajabu. Kila aliyeingia alimwamkia yule bibi haraka haraka, "Shikamoo Mkunga," kisha akaenda kukaa mbali. Baba mmoja mwenye kitambi alifika mlangoni, akamwona, akakumbuka ana shughuli kwingine.

"Wana nini na yule bibi?" nikamuuliza Biasha, mwenye mgahawa, aliponiletea chai.

Biasha akainama akanong'ona kwa sauti ambayo ingefika stendi. "Yule ni Bi Mwanahalima. Mkunga. Kawazalisha wote humu, mpaka mimi. Anajua nani alizaliwa miezi mingapi baada ya harusi, na nani anafanana na nani. Hajawahi kusema hata neno moja, lakini wao wanaona kama kila akimeza chai anataka kusema. Ndiyo maana wanakula haraka. Mie napenda aje, meza zinapata nafasi."

"Biasha," bibi akaita bila kugeuka, "kilichozeeka ni mguu. Masikio bado."

"Samahani, Mkunga."

Nikasubiri. Chai ikapoa. Kila msichana aliyepita nje nilimtazama nywele. Jua lilikuwa limeshaanza kuingia mgahawani kwa upande, na kadiri lilivyosogea ndivyo nilivyoanza kuelewa kwamba Kufuli alikuwa sahihi. Mtu yule alikuwa mwongo. Alikuwa ameiokota simu ya rafiki yangu mahali fulani, akaniita domo kwa kubahatisha, na sasa ameogopa kuja. Basi Komwe halisi alikuwa wapi? Na nani angemtafuta, mtu asiye na jina wala mji?

Nikafungua Pazia. Nikaandika neno moja: "Hakuja."

Sikulituma. Nikilituma, jina la Komwe linafutwa, na hakuna kitu kitakachobaki kuonyesha kwamba aliwahi kuwepo. Kidole changu kilikaa juu ya kitufe mpaka kioo kikajizima.

Halafu nikapandwa na hasira. Sheria ilisema tusiandikiane, lakini kama ningempoteza, walau nimseme mara ya mwisho. Nikafungua mazungumzo yetu wawili nikaandika kwa vidole gumba vyote:

"Komwe, bumunda la juzi lililokauka wewe. Nimekuja na kandambili zangu mpaka huku kwenu, nimekaa kama mwali waliyemsahau ndani, chai yangu imeota ngozi. Kama wewe ni jasusi, basi ni jasusi mvivu. Na kama ni wewe mwenyewe, Mungu akuoteshe kipele mahali mkono haufiki."

Nikatuma.

Karibu na mlango, chini ya khanga, kitu kikalia: ki!

Yule bibi akaingiza mkono, akatoa simu mpya ambayo kioo chake bado kilikuwa na nailoni ya dukani. Akavaa miwani. Akasoma polepole, midomo ikicheza. Mabega yake yakaanza kutikisika. Akajaribu kuzuia kwa upindo wa khanga, ikashindikana. Akacheka kicheko kikubwa cha tumboni, mpaka miwani ikateleza puani, mpaka fimbo ikaanguka. Zaidi akatoa visikilizio vyote viwili. Biasha akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Kipele," bibi akasema akifuta macho. "Mahali mkono haufiki. Toto baya wewe!"

Alipoinua mkono kufuta macho, niliiona. Pale kiganja chake kilipokuwa, karibu na kisahani cha chumvi, kulikuwa na komwe moja ya kijivu, inang'aa.

Sikumbuki nilivyofika kwenye meza yake. Nakumbuka maneno yote niliyowahi kumwandikia yalinirudia kwa mstari mmoja: mwanafalsafa wa gengeni, mvivu, bumunda. Bibi yangu kule Muleba angeanguka akazimia.

"Shika..."

"Ukilimaliza hilo neno naondoka," akasema kwa sauti ya chini. "Na mguu mbovu hivi hivi. Kaa."

Nikakaa.

"Mbona hukusema? Umeniona tangu mlangoni!"

"Nilikuona. Nikaona hizo kandambili, nikasema, huyo kaja wangu, ngoja nianze na vidole vya miguu. Wewe ukapiga goti." Akaichukua komwe akaizungusha kwa kidole. "Basi nikawa Mkunga tena."

"Sikujua."

"Ungejuaje? Umelelewa vizuri. Ndiyo shida yenyewe."

Nikamuuliza kama angeniacha niondoke hivi hivi.

"Ningekuacha. Nilikuwa nimeshakata shauri. Nikasema, huyu ana Komwe wake huko kichwani, binti mwenzake, bora abaki naye. Nikijitokeza, atarudi Pazia ananiandikia 'bibi yangu mpendwa', na maombi ya asubuhi yenye picha ya maua."

"Na wewe ungefanya nini?"

"Ningemaliza chapati."

Alisema hivyo akitazama chapati, ambayo hakuwa ameigusa.

Biasha akaleta chai nyingine bila kuagizwa, akajifanya anafuta meza ya jirani. Bi Mwanahalima alimtazama mpaka akaenda.

"Unawaona?" akaniambia. "Watu wazuri. Wananipa kiti, wananibebea kikapu. Lakini hakuna anayekaa. Wanadhani nimebeba mambo yao. Sijabeba chochote mimi, nilikuwepo ndani tu siku ile, nikatoka, pazia likashuka. Kule Pazia najulikana kwa maneno yangu ya leo. Juma likiisha yanafutika, tunaanza upya. Marehemu mume wangu ndiye aliyekuwa akiniita bumunda. Tangu amekufa, hakuna mtu katika wilaya hii aliyethubutu." Akanikazia macho. "Isipokuwa kandambili ya choo cha wageni."

Nilitaka kulia, na nilijua nikilia ataniita risiti iliyolowa. Nikatoa simu. "Tulinganishe namba. Jua halisubiri."

Tukafungua ukurasa wa namba za usalama. Akaanza kuzisoma kwa sauti kubwa kama anayetangaza matokeo.

"Punguza sauti!"

"Nimezoea kusemesha wanaosukuma."

Zikalingana zote, mpaka ya mwisho. Programu ikaweka alama ndogo karibu na jina lake. Simu ilikuwa imethibitishwa. Mtu nilikuwa nimemthibitisha kabla, fimbo yake ilipoanguka.

"Kufuli atauliza umejuaje," akasema.

"Ataniuliza hivyo tu. Hataweza kuuliza zaidi."

Nikaifuta ile "Hakuja," nikaandika: "Nimemwona. Namba ni sawa. Ni yeye."

Tui, mmoja wetu ambaye hakuwahi kuweza kunyamaza, akarukia: "Yukoje? Mkubwa? Mdogo? Mrefu?"

"Tui," Kufuli akaandika.

"Samahani."

"Asante, Kandambili. Anarudishwa."

Kisha nikaona maneno yakitokea, na kando yangu nikasikia kucha zikigonga kioo chenye nailoni.

"Hodi."

"Pita, pazia ni jepesi," Kufuli akaandika. Na Tui akaandika hivyo hivyo, na wengine ambao sikujua kama walikuwepo, mmoja baada ya mwingine, mpaka kioo kikajaa mapazia mepesi. Yule aliyekuwa na malaria naye akaandika. Kufuli akaongeza, "Tulikukosa," kisha akaifuta haraka, lakini tulishaiona.

"Nimeingia," Komwe akaandika. "Ila jamani, Kandambili ana vidole vya miguu..."

"Komwe. Maelezo ya mwili."

"Nafuta."

Nilijua wote wanasubiri. Kila Komwe akirusha neno, mimi ndiye niliyekuwa narudisha, huo ndio ulikuwa utaratibu wa nyumba. Bi Mwanahalima hakunitazama. Alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili karibu na miwani, anasubiri kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani wa mwanawe.

Niliona mikono yake, ngozi imekunjamana, mikono iliyompokea Biasha na baba wa kitambi na pengine nusu ya mji. Niliandika "Karibu" nikasita. Mama yangu, baba yangu, mwalimu wangu wa kipaimara, wote walikuwa wamesimama nyuma yangu wakinitazama.

"Karibu tena, bumunda," nikaandika. Nikafumba macho, nikatuma.

Ki!

Safari hii alicheka taratibu, kwa ndani, na hakujificha.

Jua lilikuwa limeanza kushuka nyuma ya stendi nilipoinuka kuaga. Mgahawa ulikuwa umejaa wateja wa jioni, na watu wote, kwa kujifanya wanakula, walikuwa wakitutazama: binti mgeni aliyemfanya Mkunga acheke.

"Haya," akaninong'oneza, "sasa niamkie vizuri. Nina heshima yangu hapa."

Nikapiga goti mpaka likagusa sakafu. "Shikamoo, Mkunga."

"Marahaba, mwanangu," akaitikia kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Wasalimie nyumbani."

Na chini ya meza, mahali ambapo hakuna aliyeona, akaikanyaga kandambili yangu kwa mguu wake mbovu, akakataa kuiachia.